Beseni la Visikio

Radi alipoupasua ukuta wa benki kwa kiganja kimoja, Bibi Nyamizi alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti akasema, "Nipisheni, nipisheni jamani, mkwe yuko nyuma!"

Ukumbi ukaangua kicheko mpaka vumbi la dari likashuka.

Pale kwenye pazia, shujaa wa chuma na umeme alikuwa anaruka juu ya maghorofa, joho linapepea, kinyago usoni. Waliomtengeneza walitaka watu wakae roho mkononi. Lakini katika ukumbi wa Bwana Feruzi, hapa Tabora, kila mtu alijua Radi anakimbia nini. Ameoa binti wa watu, na mama mkwe anamtafuta nchi nzima amtie machoni. Na mkwe hatazamwi usoni. Sasa mwanamume mwenye adabu zake afanye nini? Avae kinyago, aruke.

"Anakwenda wapi sasa?" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Urambo," Bibi akajibu bila kugeuka. "Na mkwe ameshapanda treni."

Sauti yake ilikuwa inasafiri hewani hadi Urambo kwenyewe, na Nzega, na Kaliua, kwenye kumbi nyingine za Bwana Feruzi. Huko nako, bila shaka, watu walikuwa wanapigana vibao vya mgongo kwa kucheka.

Chini ya meza yake, karibu na miguu, kulikuwa na beseni la bluu lililofunikwa kanga. Humo ndimo vilimokaa visikio. Kila aliyekata tiketi alipewa viwili mlangoni, vidogo kama punje za mahindi, na mlango haukumhesabu mpaka avitie masikioni. Vilikuwa vinasema filamu nzima kwa Kiswahili safi, kila mtu kwa sauti yake, kama vile Radi kazaliwa Kigoma. Siku vilipoletwa, kazi ya kutafsiri sinema ilikufa nchi nzima. Madijei wa Mwanza na Mbeya waliokuwa wanasimulia filamu kwa kipaza sauti walirudi kulima. Kwa Feruzi watu walivitia masikioni, wakapita mlangoni, wakakaa, wakavitoa. Kisha mkono kwa mkono, safu kwa safu, vikapelekwa mbele mpaka kwenye beseni. Mle ndani viliendelea kusema. Ukiinama, utavisikia vinavuma chini ya kanga kama nyuki wa mzinga uliozibwa mdomo.

Bwana Feruzi alikuja ameinama ili asizibe picha. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Mama Nyamizi. Mjukuu wako yuko nje."

"Mjukuu yupi?"

"Unao wangapi wanaotengeneza Radi? Mihayo. Ameshuka treni ya mchana, yuko na mama mmoja wa Kampuni inayotoa hizi filamu. Nimewaambia umekwenda nyumbani kupika."

Kwenye pazia Radi alifungua kinywa, na hakuna aliyemsemea. Watu wakangoja. "Bibi Dijei!" kijana mmoja akaita. "Vipi, mkwe amekukamata ulimi?"

"Amekaribia," Bibi akasema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Na mimi nina adabu zangu. Malizieni wenyewe."

Wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alilibeba beseni kichwani kama anayekwenda kisimani, akatokea mlango wa nyuma.

*

"Mke wangu!" Mihayo alipiga kelele toka uani kabla hata hajamwona. "Nimekuja kukuchukua, wazee wa Isevya wasije wakaniibia."

"Mume gani huyu anayeonekana kama mvua ya Septemba?" Bibi akajibu. "Nimeshaposwa mara mbili. Mmoja ana meno yote."

Ndivyo walivyoamkiana siku zote. Tangu mtoto huyu ajue kusema, hajawahi kumwambia Bibi shikamoo. Mama yake alipofariki alikuwa bado hajaanza shule, na Bibi ndiye aliyebaki naye. Angempa nini zaidi ya ugali na utani? Yule mgeni aliyekuja naye ndiye aliyeinama kidogo na kusema, "Shikamoo, bibi," na Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Aliitwa Injinia Aikande, mtu wa makamo, mpole, amebeba mkoba mrefu kama wa fundi wa mabomba.

Walikula mkekani, ugali na kisamvu cha karanga. Mihayo alimega tonge kubwa kama zamani, akazungumza mdomo umejaa.

"Mke wangu, Tabora yetu inatikisa. Dar ukumbi mtupu, Arusha mtupu, Dodoma popo wamehamia. Lakini huku magharibi, mlango haufungiki! Wewe ndiye unayewakaribisha pale, unawaona mwenyewe."

"Nawaona," Bibi akasema.

Alikuwa amemwambia mjukuu kwamba kazi yake ni kukaa mlangoni.

"Mlango haudanganyi," Mihayo akasema. Ndiyo maneno yaliyobandikwa kwenye kila ukumbi wa nchi, juu ya mlango, kwa rangi nyekundu. Filamu hazikuwa zinachaguliwa na mtu siku hizi. Mlango ulihesabu, ukapeleka hesabu kwa Mtambo, na Mtambo ukatoa filamu nyingine kama ile iliyojaza. Mwelekezi kama Mihayo aliweka kichwa cha hadithi na mkia, na neno moja moja la kwake mahali ambapo Mtambo ulimwachia nafasi.

Injinia Aikande alinawa mkono, akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa chepesi cha rangi ya majivu.

"Mlango unajua mtu ameingia," alisema. "Haujui ametoka na nini. Wakubwa wameanza kugombana juu ya jambo hilo. Wengine wanasema, kama watu wamejaa, si wameridhika? Wengine wanasema watu wanaweza kujaa hata msibani." Akakitandaza kitambaa juu ya kigoda. "Hiki unakikalia. Kinasikia jasho, pumzi, mapigo ya moyo. Anayengoja tu iishe, kioo changu kinaonyesha majivu. Aliyeridhika, kinaonyesha njano, kama asali."

"Na mwenye adabu?" Bibi akauliza. "Anayesema ni nzuri asije akamuudhi mwenyeji?"

"Kitambaa hakijui adabu, bibi. Mdomo utasifu mboga, tumbo likikataa, chenyewe kinasikia tumbo."

"Basi usikitandike hapa. Kisamvu changu nakiamini, lakini si hivyo."

Wakacheka wote watatu. Kisha Mihayo akaacha kucheka.

"Kesho saa nane tunavitandika ukumbini. Rangi ya kuridhika ikilingana na hesabu ya mlango, Radi anapewa kumbi zote za nchi, filamu kumi mbele. Isipolingana anafutwa. Na mwelekezi aliyedanganywa na mlango hapewi Mtambo tena, maisha."

"Hata kwa hadithi nyingine?"

"Hata ya kuuza sabuni." Akavunja tonge, halikwenda mdomoni. "Nikwambie ukweli, mke wangu? Mimi Radi nilimchoka kwenye filamu ya tatu. Naota majengo yakianguka. Ninayo hadithi ya mama mmoja anafuga nyuki mwezini, mizinga ya miti kabisa, hataki kurudi duniani. Nimeizungusha kichwani mpaka imekuwa laini. Lakini kila mlango ukijaa, Mtambo unanirudishia Radi. Nifanye nini? Ndugu zangu wenyewe wanampenda. Mimi ni nani niwanyime?"

Bibi akasukuma tonge lake kwa maji.

Maana yeye ndiye aliyeanza. Filamu ya kwanza ya Radi ilipokuja, na jina la Mihayo limeandikwa pazia zima, alivaa gauni la sikukuu akaenda kukaa mbele. Wenzake ukumbini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na kabla Radi hajamaliza vita vyake vya kwanza wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakimpita yeye kwa kunyata, kama watu wanaotoka kwenye nyumba ya mwenye aibu. Alitazama jina la mtoto wake likisomwa na viti. Kesho yake alimwendea Feruzi, akaomba kipaza sauti kile cha madijei wa zamani. Siku moja tu, alisema. Jina la mtoto lisije likaoza.

"Mihayo," alisema sasa. "Kule ukumbini..."

Mihayo alimwinulia macho. Yalikuwa macho yale yale ya mtoto aliyerudi toka makaburini asitake kula. Neno lililokuwa linakuja likageuka njiani.

"Kula kwanza," Bibi akasema. "Ugali unapoa, kilio hakipoi."

Mihayo akapasuka kicheko, akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia," Injinia Aikande akasema, anatabasamu. "Kumbe ndiye yeye!"

Wakamtazama wote wawili, kama watu wanaongoja aseme kitu. Bibi hakujua wanangoja nini. Alicheka kwa kuwa wao wamecheka, akaanza kukusanya vyombo.

*

Asubuhi Bwana Feruzi alikuja na mkungu wa ndizi, na mtu haleti mkungu wa ndizi bure.

"Kipaza sauti nimekihamishia stoo," alisema, amesimama mlangoni. "Utakaa mle, hutaonekana. Nitamwambia yule mama ni sauti ya ukumbi wa Nzega inaingiliana na yetu."

"Na kitambaa kitajuaje watu wanachekea mimi, si Radi?"

"Hakitajua. Ndiyo uzuri wake."

"Halafu mtoto atengeneze Radi kumi wengine."

"Kwani anaumia? Ana jina, ana heshima, ana koti zuri. Mama Nyamizi, ukinyamaza leo unamvua nguo mjukuu wako mbele ya mji mzima. Ndicho unachotaka?"

Hakukitaka. Alikaa na zile ndizi mapajani baada ya Feruzi kuondoka. Akisema, mtoto anafungwa kwenye kazi asiyoipenda, na kifungo ni sauti ya bibi yake. Akinyamaza, mtoto anaanguka. Na njia ya tatu, ile ya kumwendea sasa hivi pale anaponyoa ndevu uani, kumwambia kwa mdomo wake, hiyo aliitazama mara moja tu akaiogopa kuliko nyoka.

Akaamua kunyamaza. Kitambaa kitasema badala yake. Ukweli utatoka, na hakuna atakayejua umetokea kwa nani. Alijiambia hiyo ni busara. Moyo wake ulijua jina jingine la kitu hicho, ila hakuuliza.

*

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Habari kwamba mtoto wa nyumbani amekuja na wakubwa ilikuwa imezunguka Isevya, Cheyo na Ng'ambo. Watu walimpigia Mihayo makofi, akina mama vigelegele. Injinia Aikande alipowaeleza juu ya vitambaa, yule mzee wa viti vya nyuma alisimama.

"Mama mhandisi, yaani hiki kitambaa kitayajua makalio yangu kuliko mke wangu?"

"Kitajua moyo wako tu, baba."

"Basi bora makalio," mzee akasema, akakaa.

Kwa heshima ya wageni, watu walivaa visikio vyao na kuviacha masikioni. Bibi Nyamizi alikaa safu ya mbele, Mihayo kuume kwake. Kushoto ilikuwa meza yake, tupu, na chini yake lile beseni, tupu nalo. Akatia visikio vyake. Tangu filamu ile ya kwanza hakuwa amemsikia Radi akisema.

Taa zikazimwa. Radi akasema, "Nguvu za giza haziwezi kushinda nuru iliyo ndani yangu." Akapasua ukuta. Akasema tena jambo la nuru. Magari yakaruka. Watu wakatulia kama watu walioalikwa: mgongo umenyooka, mikono mapajani. Mtu mmoja alikohoa, na alikohoa kwa adabu.

Injinia Aikande alisimama ukutani, kioo mkononi. Bibi aliweza kukiona kutoka pale alipo. Kila kiti kilikuwa nukta, na nukta zote zilikuwa majivu.

"Ni mwanzo tu," Mihayo alinong'ona. "Watachangamka."

Bibi aliuma ukingo wa kanga. Ukuta mwingine ukaanguka. Majivu. Akaona jasho kwenye paji la mtoto, akaona anavyogeuka kutazama kioo na kurudi, kugeuka na kurudi, kama mtu anayengoja habari mlangoni kwa daktari. Ukweli ulikuwa unatoka, kama alivyopanga, na yeye amekaa kando yake amefunga mdomo, kama hahusiki.

Ndipo kwenye pazia ikaonekana nyumba ndogo ya udongo, na mlango ukafunguliwa, na bibi kizee akatoka uani. Radi akashuka toka mbinguni, kinyago usoni.

Kuna kijana kule kati alikuwa amejizuia muda mrefu. Akashindwa.

"Mkwe huyo!"

Ukumbi ulilipuka. "Kimbia, Radi! Kimbia!" "Vuta kinyago chini, macho yanaonekana!" "Treni ya Urambo imefika!" Waliyakumbuka yote, neno kwa neno, wakayasema wenyewe, huyu akianza yule akimalizia. Mkono ukizoea, umezoea: wakavitoa visikio masikioni, wakavipitisha mbele, safu kwa safu, bila hata kufikiri. Mama mmoja wa safu ya mbele akavuta beseni toka chini ya meza, vikamwagwa humo. Meza haikuwa na mtu leo. Akalipokeza beseni kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, na mwisho likatua mapajani pa Mihayo.

"Inapanda!" Injinia Aikande akasema, visikio vyake bado masikioni. "Mihayo, tazama, inapanda!"

Kioo chote kilikuwa njano, njano ya asali kabisa.

Mihayo alicheka kwanza. Halafu akamtazama kijana aliyekuwa anaiga mkwe kwa kukunja mgongo. Akatoa kisikio kimoja, akasikiliza ukumbi. Akatoa cha pili.

"Mkwe gani?" aliuliza. "Yule ni mama yake."

Akainamia beseni. Bibi alijua anachokisikia. Mamia ya Radi, wote wanasema kwa pamoja, kwa Kiswahili safi, hakuna wanayemwambia.

"Kila siku?"

"Kila siku," Bibi akasema.

"Nani amewaambia ni mkwe?"

"Bibi Dijei!" wakaita toka nyuma. "Shika kipaza, tunakufa huku!"

Mihayo alimtazama. Alipokuwa mtoto, akivunja kitu, alikuwa anatazama hivyo, kabla hajajua kama atachapwa au la. Ila sasa kilichovunjika hakukivunja yeye. Akatazama kioo cha njano. Akatazama Injinia Aikande, ambaye alikuwa anaandika kwa kidole, amefurahi. Kisha akasogeza kichwa karibu.

"Usiseme kitu, bibi," akanong'ona. "Nakuomba. Waache waendelee hivyo hivyo."

Bibi. Si mke wangu. Na anaomba.

Hapo ndipo aibu ilipomfika mifupani. Si kwa ajili ya watu, watu walikuwa wanacheka. Mtoto aliyemlea asiibe hata karanga ya jirani, leo anamsihi bibi yake amfichie uongo, na uongo wenyewe ni yeye aliyempikia.

Alisimama. Akaenda stoo, akarudi na kipaza sauti, na ukumbi ulipomwona ukapiga kelele za furaha mpaka taa za dharura zikatetemeka. Mihayo akafumba macho.

Bibi Nyamizi alikaa kwenye meza yake. Alikuwa amebakiza kisikio kimoja sikioni. Akangoja Radi afungue kinywa, kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya katika ukumbi ule: akatafsiri. Neno kwa neno, kama lilivyosemwa.

"Nimerudi, mama," alisema. "Mji umesalimika. Nguvu za giza zimerudi nyuma mbele ya nuru."

Watu wakacheka, wakingoja mkia wa mzaha.

"Lakini adui bado yupo. Lazima niende tena. Hatima yangu inaniita."

Kicheko kikapungua. Kikawa cha watu wachache, kisha cha mmoja. "Bibi Dijei, unaumwa?" kijana akauliza. Yeye akaendelea. Alisema nuru ilipotajwa nuru, akasema giza ilipotajwa giza. Alisikia jinsi maneno yalivyo makavu mdomoni, na hakuyatia chumvi. Ukutani, nukta moja ikawa majivu, kisha safu, kisha upande mzima. Injinia Aikande alikigonga kioo kwa ukucha, akadhani kimeharibika.

Yule bibi kizee wa kwenye pazia akaweka chakula mbele ya mwanawe. Alikuwa amefunga kilemba upande, kama Bibi Nyamizi anavyofunga. Akafungua kinywa, na ndani ya kisikio ikaja sauti ya upole, ya uchovu, inayofanana na anayoijua.

*Kula kwanza, mwanangu. Ugali unapoa, kilio hakipoi.*

Bibi alikiteremsha kipaza sauti.

Mama huyu alikuwa ametoka uani katika kila filamu ya Radi tangu ile ya pili. Kila filamu. Na kila mara akifungua kinywa, Bibi Nyamizi alikuwa ameshapaza sauti, *Mkwe huyo, kimbia*, na watu wanagaagaa chini. Hapo ndipo Mtambo ulipomwachia Mihayo nafasi ya neno lake, na neno lake alilileta hapa, akalituma Tabora, mara zote hizo, na jana mkekani alikuwa anangoja kusikia kama limefika.

Ukumbi ulikuwa unamngoja. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kula kwanza, mwanangu," alisema. "Ugali unapoa. Kilio hakipoi."

Hakuna aliyecheka. Kule kati mwanamke mmoja alivuta kamasi. Yule mzee wa nyuma alisema polepole, "Ehee," kama mtu anayeitikia mezani kwake.

Halafu Radi akaruka tena, na majengo yakaendelea kuanguka, na Bibi akatafsiri mpaka mwisho.

*

Watu walitoka bila kelele. Walimpita kwa kunyata. Feruzi alijifungia ofisini.

Injinia Aikande alikuja na kioo. "Sielewi," alisema. "Walipanda, wakaanguka. Picha ni ile ile."

"Andika ni mimi," Bibi akasema. "Walipopanda walikuwa wananicheka mimi. Tangu filamu ya kwanza wanakuja kunicheka mimi. Na Urambo, na Nzega, na Kaliua. Filamu ya mtoto hakuna aliyeisikia." Yalikuwa maneno machache kabisa. Akashangaa jinsi yalivyokuwa machache.

Injinia Aikande alimtazama Mihayo. Mihayo hakutazama mtu.

"Na hapa?" akauliza yule mama, kidole juu ya kioo, mahali ambapo majivu yote yaligeuka mara moja kuwa rangi nzito, iliyoiva zaidi ya ile ya kicheko, kisha ikazimika. "Hitilafu?"

"Si hitilafu," Mihayo akasema. "Hapo wamesikia filamu."

*

Treni ya asubuhi ilikuwa imeshafungua milango. Injinia Aikande alitangulia ndani, akawaacha. Taarifa alikuwa ameituma jana jioni. Radi amefutwa, na chini yake jina la mwelekezi, naye amefutwa.

Bibi alikuwa amemletea chupa ya asali na karanga za kuchemsha. Mihayo alivipokea kwa mikono miwili. Koti lake zuri lilikuwa limekunjwa begani kama mzigo.

"Lile neno la mama yake Radi," alisema. "Uliwahi kulisikia?"

Angeweza kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umezoea.

"Jana," Bibi akasema. "Ndiyo mara ya kwanza."

Mihayo akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu aliyokuwa ameshaijua. Kengele ya treni ikalia. Bibi akajikaza, akatafuta utani, wowote, hata ule mbovu wa meno ya wachumba. Akasema, "Haya basi, mume wangu, usinisahau."

Mihayo alisimama kwenye ngazi ya behewa. Uso wake haukuwa na hasira. Afadhali ungekuwa nayo.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Watu walikuwa wengi kwenye jukwaa, na mtu mzima akiamkiwa huitikia.

"Marahaba," Bibi Nyamizi akasema.